Ramani tatu za kilimo hai

Kila mwaka mwezi wa pili, wakati wa maonyesho ya Biofach kule Nuremberg, Ujerumani, hutoka kitabu cha takwimu za kilimo hai duniani, yaani kilimo kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani. Hukiandaa FiBL, taasisi ya utafiti ya Uswisi, pamoja na IFOAM, shirikisho la kimataifa la vyama vya kilimo hai. Kuna watu husubiri msimamo wa ligi; mimi husubiri kitabu hicho. Naanza na majedwali. Dibaji naiacha, maana dibaji kila mwaka ni ile ile: soko limekua.

Na kweli limekua. Toleo la kwanza lilipotoka mwaka 2000, ardhi yote ya kilimo hai duniani ilihesabiwa kuwa hekta milioni 11. Takwimu za mwaka 2023 zinasema hekta milioni 98.9. Mauzo ya rejareja yamepanda kutoka yuro bilioni 15 na ushei hadi bilioni 136. Wakulima walikuwa laki mbili, kufikia mwaka 2023 wakawa milioni 4.3. Mpe mtu namba hizo tatu peke yake, atajichorea picha: shamba limepanuka, wakulima wameongezeka, pesa imewafuata huko huko shambani. Ila ukifungua jedwali la nchi moja moja, picha inachanika vipande vitatu, kila kipande na bara lake.

Chukua ardhi. Zaidi ya nusu ya hekta hizo, milioni 53, ziko Australia, na sehemu kubwa yake wala si shamba kwa maana ya matuta na jembe. Ni malisho makavu, ng'ombe na kondoo wakitangatanga kwenye ardhi ambayo haijawahi kuona mfuko wa mbolea. Kwa dunia nzima, theluthi mbili ya ardhi yenye cheti ni nyasi za kulishia mifugo. Takwimu za mwaka 2022 zilipotoka, wapenzi wa kilimo hai walishangilia kwa sababu eneo liliruka kwa hekta milioni 20 kwa mwaka mmoja. Nikatafuta zimetoka wapi. Milioni 17 zilikuwa Australia. Sina ugomvi na kondoo wa Australia, lakini mtu aliyesoma kichwa cha habari siku ile bila shaka aliwaza nyanya.

Sasa chukua watu. Australia yenye nusu ya ardhi ina wakulima wachache kiasi kwamba hawajazi uwanja mmoja wa mpira. Wakulima wako India, milioni 2.36, yaani zaidi ya nusu ya wote duniani. Uganda inafuata na laki nne na zaidi, kisha Ethiopia. Hawa ni watu wa hekta moja, hekta mbili, wengine chini ya hapo: pamba, kahawa, kakao, ufuta, viungo.

Halafu pesa. Marekani peke yake ilinunua bidhaa za yuro bilioni 59 mwaka 2023, Ujerumani bilioni 16, China karibu 13. Ukijumlisha Ulaya na Amerika Kaskazini unapata karibu yuro tisa katika kila kumi. Mswisi wa kawaida alitumia yuro 468 kwa mwaka, na Denmark chakula hiki kinakaribia asilimia 12 ya soko lote la chakula.

Kwa hiyo tuna ramani tatu: ya nyasi, ya mikono na ya pochi. Kinachoziunganisha ni karatasi. Cheti cha mkaguzi kwamba zao limelimwa kwa masharti ya kilimo hai. Watu wengi wakizungumzia ukuaji wa soko hili huzungumzia afya, udongo na nyuki, na yote hayo yamo. Mimi naona kilichokua zaidi ni umbali kati ya anayelima na anayekula, na kadiri umbali unavyorefuka ndivyo karatasi inavyozidi kuwa ghali.

Mwanzoni karatasi haikuwepo. Waliolianzisha vuguvugu hili walikuwa wakibishania udongo. Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, alitoa mihadhara yake kwa wakulima mwaka 1924. Albert Howard, Mwingereza aliyepelekwa India kufundisha kilimo, aliishia kujifunza: kule Indore alichunguza namna ya kuozesha mabaki ya mazao na samadi kwa tabaka mpaka mboji itoke, na akarudi kwao kuwaambia wenzake kwamba mbolea ya chumvichumvi inalisha mmea huku ikiushindisha udongo njaa. Mwaka 1946 Eve Balfour, mkulima Mwingereza, na wenzake wakaunda chama cha Soil Association huko Uingereza. IFOAM ikazaliwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1972. Muda wote huo mnunuzi wa mazao haya alikuwa mtu anayemjua mkulima, au anayemjua anayemjua. Ukitaka kuhakikisha, unakwenda kuangalia.

Mambo yalibadilika bidhaa zilipopanda rafu za maduka makubwa. Denmark ilitunga sheria yake mwaka 1987 na baadaye ikaja na nembo ya serikali, herufi Ø nyekundu. Marekani ikafuata mwaka 1990, Jumuiya ya Ulaya mwaka 1991. Wamarekani ndio walionipa hadithi ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. Wizara yao ya kilimo ilipotoa rasimu ya kanuni mwaka 1997, iliacha mlango wazi kwa mbegu zilizobadilishwa vinasaba, mionzi ya kuhifadhia chakula na tope la maji taka ya mijini kutumika kama mbolea. Wananchi wakaandika maoni zaidi ya 275,000. Kwa mambo ya kanuni za kilimo, ambazo kwa kawaida husomwa na mawakili na watu wasiopata usingizi, hayo yalikuwa mafuriko. Wizara ikarudi nyuma, ikaandika upya, na kanuni zikaanza kufanya kazi Oktoba 2002.

Ukifuatilia grafu ya mauzo utaona kwamba soko hili huruka pale watu wanapoogopa. Novemba 2000 Ujerumani ilimgundua ng'ombe wake wa kwanza wa kuzaliwa nchini humo mwenye ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Ndani ya wiki chache mawaziri wawili walikuwa wamejiuzulu, na waziri mpya wa kilimo, Renate Künast, akatangaza kwamba katika miaka kumi asilimia 20 ya mashamba ya nchi yatakuwa ya kilimo hai. (Zaidi ya miaka ishirini imepita, wako kwenye 11 na ushei.) China ilipokumbwa na kashfa ya melamini, kemikali ya viwandani, kwenye maziwa ya watoto mwaka 2008, wazazi wenye uwezo walianza kuuliza vyeti. Mwaka 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani na kila mtu akipika kwake, mauzo yalipanda kwa asilimia 15 hivi na kuvuka yuro bilioni 120. Hofu ni mteja mzuri, tatizo lake ni kwamba hakai. Mfumuko wa bei ulipopiga mwaka 2022, Ujerumani ile ile ilishuka kwa asilimia 3.5, na Ufaransa nayo ikashuka.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walifanya kitu ambacho hakitegemei hofu, na nashangaa hakisemwi zaidi. Jiji liliamua kwamba majiko yake ya umma, yaani shule za chekechea, nyumba za wazee na kadhalika, yatapika chakula cha kilimo hai, na yakakaribia asilimia 90. Bajeti ya kununulia chakula haikuongezwa. Wapishi walifundishwa upya: nyama ikapunguzwa, vyakula vilivyokwisha kuandaliwa viwandani vikaachwa, viazi vikaja na udongo wake vimenywe pale pale, kilichobaki leo kikawa supu ya kesho. Hapo mnunuzi ni jiko, linalonunua kila siku ya kazi, liwe limeogopa au halikuogopa.

Turudi kwenye karatasi. Geuza pakiti yoyote inayouzwa Ulaya yenye nembo ya kilimo hai ya Umoja wa Ulaya, lile jani lililochorwa kwa nyota kwenye kijani. Karibu yake kuna maandishi madogo ya kufumbia jicho moja: herufi mbili za nchi, kistari, BIO au ÖKO au ORG, kistari tena, tarakimu tatu. Hiyo ni namba ya shirika la ukaguzi. Hapo hapo kuna mstari unaosema kama malighafi imetoka ndani ya Umoja wa Ulaya au nje yake. Basi. Ndani ya neno "nje" mmekaa India yote, Uganda yote, Ethiopia yote.

Nilikaa ndani ya neno hilo misimu miwili, nikiwa karani wa kikundi cha wakulima wa kahawa. Kazi yangu ilikuwa daftari: jina, idadi ya miche, kilichowekwa shambani, kilichovunwa. Siku mkaguzi wa nje alipokuja nilikuwa nimejiandaa kumpeleka shambani, tena lile zuri. Hakutaka shamba. Aliomba stoo.

Akasimama mlangoni kwanza, akanusa. Akageuza magunia moja moja, akifuata mishono kwa kidole. La tano au la sita likamtoa nje kwenye mwanga. Lilikuwa gunia la plastiki lililowahi kubeba mbolea ya dukani. Maandishi yalishafutika ila kivuli cha herufi mbili kilikuwa bado kinasomeka. Mwenye gunia alilifua, akalianika, likawa safi kuliko shati nililovaa. Mkaguzi akaandika. Nikamwambia limefuliwa. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: pampu ya kupulizia mnaazima kwa nani? Kwa sababu pampu ya kuazima hubeba dawa ya jirani ndani ya mpira wake.

Baada ya hapo ndipo akafungua daftari langu, akaanza hesabu. Miche mingapi, kilo ngapi. Kilo zikizidi uwezo wa miche, maana yake kuna kahawa ya mtu mwingine imepitia mlango wa nyuma. Mkulima mmoja kilo zake zilizidi kidogo, kwa kosa langu la kuandika 7 iliyofanana na 1. Tulikaa saa nzima juu ya tarakimu hiyo.

Nilikuja kuikumbuka saa ile nilipoisoma habari ya meli ya soya. Mwishoni mwa mwaka 2016 shehena ya tani zaidi ya elfu 16 ilitoka Ukraine, ikapitia Uturuki, ikaenda California. Ilipoondoka ilikuwa soya ya kawaida, yenye bei ya kawaida, imefukizwa kwa dawa ya wadudu. Ilipofika California ilikuwa ya kilimo hai. Baharini hakuna mboji. Kilichobadilika ni nyaraka, na thamani ikapanda kwa takribani dola milioni 4. Gazeti la Washington Post lilipoifichua mwaka 2017, zaidi ya nusu ya shehena ilikuwa imeshasambazwa. Huko huko Marekani mkulima mmoja wa Missouri alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha zaidi ya miaka kumi kwa kuuza kwa miaka kadhaa nafaka za kawaida kwa jina la kilimo hai, biashara ya zaidi ya dola milioni 140. Kilo zilizidi miche, na hakuna aliyekaa saa nzima juu yake.

Marekani imejibu kwa kanuni mpya iliyoanza kutumika Machi 2024: kila shehena inayoingia lazima iwe na cheti chake cha kielektroniki, na madalali waliokuwa wakipita katikati bila kukaguliwa sasa wengi wao nao wanakaguliwa. Ni jambo jema, limechelewa. Ulaya nayo ilianza sheria mpya mwaka 2022, na humo ndimo kuna kifungu kinachowakuna vichwa wakulima wadogo. Kwa miaka mingi hawa wamekuwa wakipata cheti kwa pamoja: kikundi kinajikagua chenyewe kwanza, halafu mkaguzi wa nje anapima kama ukaguzi huo wa ndani unafanya kazi na anachukua sampuli ya mashamba. Bila utaratibu huo mwenye hekta moja hawezi kulipia cheti hata auze mavuno yote. Sheria mpya inataka kikundi kisizidi watu 2,000 na kiwe chombo chenye hadhi ya kisheria. Vyama vyenye maelfu ya wanachama vinalazimika kujikata vipande, kila kipande na usajili wake, akaunti yake, karani wake. Kwenye karatasi ni usimamizi bora. Gharama yake nani anaibeba, jibu liko kwenye ramani ya pili.

Kuna jambo jingine lisiloandikwa kwenye pakiti. Kwa miaka mingi cheti mara nyingi hakikuwa mali ya wakulima. Aliyelipa ada ndiye aliyekuwa mwenye cheti, na aliyelipa kwa kawaida alikuwa msafirishaji wa mazao. Cheti chetu kilikuwa hivyo. Tungeweza kumuuzia yeyote kahawa yetu, lakini kwa mwingine yeyote ilikuwa kahawa tu. Uhai wake uliishia mlangoni kwa mwenye karatasi. Msimu wa pili bei yake ya nyongeza ilipungua, naye alijua kwamba hatuna pa kwenda.

Brazil walitafuta njia nyingine. Mtandao wa Ecovida ulioanza mwaka 1998 unawakusanya wakulima na walaji wakaguane wenyewe, shamba kwa shamba, na sheria ya mwaka 2003 ikafungua njia ya mfumo huo shirikishi kutambuliwa kuwa sawa na cheti cha shirika. India nayo ina wake. Ninavyoona mimi ni mfumo unaorudisha ile desturi ya kwenda kuangalia mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba haupandi meli: ukitaka kuuza Ulaya au Marekani, unarudi kwenye tarakimu tatu.

Najua msomaji wangu mmoja atauliza: haya yote ya nini kama kilimo chenyewe hakishibishi? Swali halali. Jaribio ninaloliamini ni la Therwil, karibu na Basel, Uswisi, ambako tangu mwaka 1978 wanalima vipande vya ardhi bega kwa bega, vya kilimo hai na vya kawaida. Baada ya zaidi ya miaka ishirini walikuta mavuno ya kilimo hai yako chini kwa asilimia 20 hivi, huku mbolea na nishati iliyotumika ikiwa pungufu kwa theluthi moja hadi nusu na viuatilifu vikiwa karibu sifuri. Mtu mmoja ataona hasara, mwingine faida. Mimi naona bei, na bei hujadiliwa. Hailazimishwi kwa usiku mmoja kama Sri Lanka ilivyofanya mwaka 2021, rais alipopiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani bila kuwa na mboji ya kutosha, bila mafunzo, bila muda. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, nchi ikaagiza mchele, marufuku ikaondolewa Novemba mwaka huo huo. Jimbo la Sikkim, India, lilianza safari hiyo hiyo mwaka 2003, likipunguza ruzuku ya mbolea hatua kwa hatua, na likatangazwa kuwa la kilimo hai lote Januari 2016. Miaka kumi na miwili na zaidi. Udongo una kalenda yake, ndiyo maana hata sheria za Ulaya zinadai miaka miwili ya mpito kwa mazao ya msimu na mitatu kwa ya kudumu, kipindi ambacho mkulima analima kwa masharti mapya na kuuza kwa bei ya zamani.

Siku ile ya mkaguzi tulimalizia kwa mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na la mtu anayepulizia dawa. Mkaguzi alipima kwa hatua upana wa mstari wa mpaka, akamwonyesha hautoshi, akamweleza kwamba mistari miwili ya kahawa ya upande ule itabidi ivunwe na kuuzwa peke yake kama kahawa ya kawaida, na iandikwe kwenye daftari tofauti. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Sawa, mwanangu. Na yule anayepuliza, yeye daftari lake anakagua nani?"

"Yeye hana daftari, mama."

Mama akaniangalia mimi, kisha akaiangalia ile mistari miwili. Mkaguzi akafunua ukurasa uliofuata na kuuliza mbegu za kunde zilizopandwa katikati zilitoka wapi.